Chumvi Ndani ya Chupa

Bibi yangu alipima mahindi kwa meno. Aliokota punje moja kwenye turubai, akaing'ata, akasikiliza. Ikilia ka!, mahindi yanaingia ghalani. Ikibonyea, yanarudi juani. Nilipokwenda Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine, kusomea sayansi na teknolojia ya chakula, nilikutana tena na mlio ule, safari hii umeandikwa kwa tarakimu: unyevu usizidi asilimia 13.5.

Vijana wanaoniuliza kuhusu fani hii hudhani ni upishi wa makoti meupe. Mpishi hushughulika na kinachoonekana na kuonjeka. Sehemu kubwa ya kazi yetu iko ng'ambo ya hapo. Sumukuvu haina rangi wala ladha, na ugali hata ukisongwa mpaka mkono uchoke, haiondoki. Ilikuja kutambuliwa baada ya mwaka 1960, batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye ukungu. Mwaka 2004 ikaingia majumbani Makueni, Kitui na wilaya jirani za Kenya, kwenye mahindi yaliyowekwa yakiwa mabichi. Waliugua watu 317, wakafa 125. Wengi walikuwa wamekula walichokilima wenyewe. Hilo huniuma mpaka leo.

Kiwango kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo. Ni sawa na kutafuta punje moja ndani ya lori la tani 30. Tena sumu haisambai sawasawa: kona moja ya gunia ina balaa, nyingine ni salama kabisa. Kwa hiyo ustadi huanzia kwenye bambo, kabla ya mashine yoyote ya maabara. Unachoma juu, kati, chini, gunia baada ya gunia, bila kuruka lililofichwa nyuma. Mwenye haraka asije kwetu.

Ninachokipenda zaidi ni pale elimu hii inaporudi mikononi mwa wenyewe. Kijijini hakuna kipima unyevu, lakini chupa kavu ipo, na chumvi kavu ipo. Unatia mahindi, unatia chumvi, unatikisa, unaacha itulie. Msimu uliopita, huko Kongwa, mama mmoja aliiinua chupa yake kwenye mwanga. Chumvi ilikuwa imeganda kwenye kioo. Hakuniuliza neno. Alimwita mwanawe, wakaanza kutandaza turubai upya.