Kitenzi "Get" cha Kiingereza na Mzigo wa "Pata"

Katika maneno ya Kiingereza yamsumbuayo mfasiri wa Kiswahili, magumu si yale marefu yaliyotoka Kilatini na Kiyunani. Hayo aghalabu huwa na maana moja au mbili, na mwenye subira hayamshindi. Yasumbuayo ni maneno mafupi ya kila siku, na miongoni mwao kitenzi "get" ni cha mbele. Makala haya yakusudia kutaja maana zake kwa mafungu, kisha kuipima desturi iliyoenea katika maandishi yetu ya kukifasiri kila mahali kwa "pata". Rai yangu ni kwamba desturi hiyo si kwamba hukosa maana ya Kiingereza tu, bali hudhoofisha unyambuaji wa vitenzi, ambao ndio uti wa mgongo wa sarufi yetu.

Kitenzi hiki Waingereza wenyewe walikipokea kwa wageni. Kilitoka katika Kinorse cha kale, lugha ya watu wa Skandinavia waliofanya makao Uingereza, nao walisema "geta". Kiingereza cha kale kilikuwa na ndugu wa neno hilo, walakini katika maneno ya kuungwa tu. Mawili kati ya hayo yangali hai, "beget", yaani kuzaa, na "forget", yaani kusahau. Maana ya msingi ni kutia mkononi. Asahauye ni kama aliyeponyokwa na alichokishika. Nguvu ya neno hili yaonekana katika kazi ya C. K. Ogden, aliyetoa mwaka 1930 Kiingereza chepesi cha maneno 850. Katika hayo aliacha vitenzi 18 tu, na "get" ni kimoja chao.

Matumizi yake makubwa twaweza kuyagawa mafungu sita. La kwanza ni kutia mkononi: kupokea barua, kununua mkate, kuchuma mali, kwenda kuleta kiti. La pili ni kufika mahali. La tatu ni kuingia katika hali. La nne ni kutendwa. La tano ni kumfanya mwingine atende. La sita ni kuelewa. Tena likifuatwa na neno dogo la mahali huzaa maana nyingine: kuamka, kutoka, kupanda, kushuka, kupona, kupatana. Na katika usemi wa "have got" maana ya kutwaa imekwisha kabisa, imebaki "nina". Hapo Wamarekani wamehifadhi tofauti: kwao "have gotten" ni nimepata, na "have got" ni ninacho.

Fungu la tatu lastahili kutazamwa sana. Mwingereza huchukua "get" akakiambatanisha na sifa: uchovu, uzee, unene, ulevi, umaji. Sisi twasema choka, zeeka, nenepa, lewa, lowa. Maneno yake mawili ni kitenzi chetu kimoja. Katika fungu la tano twasema chosha, lowesha, nenepesha. Mwisho wa kitenzi watosha. Basi kamusi ikiorodhesha visawe kumi vya "get", ikaishia hapo, humdhania msomaji kuwa haja yake ni neno, kumbe aghalabu haja yake ni mnyambuliko.

Fungu la nne lina hatari zaidi. Kwa Mwingereza, kukamatwa kwa "was" ni habari tupu. Kukamatwa kwa "got" mara nyingi hudokeza mkosi, au kwamba mtu amejitakia. Kiswahili kina "alikamatwa" kwa yote mawili, na dokezo hilo hapana budi litafutiwe mahali pengine: "amejiponza akakamatwa", au "masikini, akakamatwa". Mfasiri mwenye haraka huandika "alipata kukamatwa", naye hajui kwamba amesema jambo jingine. Kwa wenye lugha, "alipata kukamatwa" maana yake ni kwamba siku za nyuma iliwahi kutokea akakamatwa. Habari ya jana imegeuzwa kuwa sifa ya mtu ya zamani. Katika gazeti kosa hilo huchafua jina. Katika ushahidi wa mahakamani laweza kumfunga asiye na hatia.

Kosa hili hutoka katika kudhani kwamba "pata" ni kivuli cha "get". "Pata" lina njia zake. Kisu kisichokata twasema hakipati. Saa ikikaribia tatu twasema yapata saa tatu. Mambo humpata mtu, wala si mtu ayapataye, na ndiyo maana twauliza, "Limekupata jambo gani?" Mgonjwa amepatwa na homa, amefikwa na msiba, ameingiwa na hofu: Kiswahili kwa kawaida humweka mtu mahali pa mwenye kujiwa. Mwingereza humfanya mwenye kutwaa hata katika maradhi yake.

Siku hizi twasoma "timu imepata ushindi" badala ya imeshinda, "walimu wamepata mafunzo" badala ya wamefunzwa, "wasomaji wapate uelewa" badala ya waelewe. Kila mara kitenzi hai huuawa, mzoga wake ukafanywa jina, "pata" likaitwa kuubeba.

Huenda mtu akapinga akasema kwamba wazee wetu nao walisema pata hasara, pata mtoto, pata nafuu. Ni kweli, na hoja hiyo yatupa kipimo. Pata mtoto si sawa na zaa, kwani baba naye hupata mtoto. Pata nafuu si pona; mwenye nafuu bado yu kitandani. Mahali ambapo "pata" husema jambo ambalo kitenzi hakilisemi, libaki. Hata "ushindi" lina haki yake tukitaka kuhesabu: "wamepata ushindi wa tatu". Lakini mahali ambapo yote mawili husema jambo moja, kitenzi kitangulie.

Kwa watunga kamusi nashauri kwamba chini ya "get" waweke kwanza mafungu ya maana, na kila fungu lioneshe kauli ya Kiswahili ilibebalo: kutendwa, kutendesha, au kitenzi cha hali, visawe vifuate baadaye, pamoja na onyo juu ya "pata ku-". Wahenga walisema kupata si kwa werevu, na kukosa si ujinga. Katika mali huenda ni hivyo. Katika kufasiri, anayeandika "pata" kila mahali hukosa kwa kutopima, na kupima kwaweza kufundishwa.