Gaeni Alikosomea Nampeyo

Macho ya Nampeyo yalififia uzeeni, lakini vyungu vyake havikupinda. Katika kijiji cha Hano, juu ya mwamba wa First Mesa jimboni Arizona, Marekani, bibi huyo wa Kihopi-Tewa aliendelea kupandisha udongo, msokoto juu ya msokoto, akipima unene wa ukuta kwa ncha za vidole. Kuchora aliwaachia binti zake, Annie, Nellie na Fannie.

Mfinyanzi hulia gaeni, na huyu gaeni ndiko alikosomea. Mwaka 1895 mwanaakiolojia Jesse Walter Fewkes alifukua magofu ya Sikyatki, si mbali na Hano, na Lesou, mumewe Nampeyo, alikuwa mmoja wa vibarua wake. Vikaibuka vigae vya karne nyingi, vyenye ndege na manyoya yaliyokunjwa kwa mistari myembamba. Nampeyo, aliyekuwa amekwisha kuvutiwa na ufundi huo wa kale, hakuunakili tu. Aliutia maisha mapya kwenye mitungi mipana yenye mabega bapa.

Kazi yenyewe haina njia ya mkato. Brashi ni ukuti wa mmea wa yuka, uliotafunwa ncha hadi ubaki nyuzi chache. Rangi nyeusi hutokana na majani pori yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito, kisha yakasagwa pamoja na jiwe lenye chuma. Moto ni wa mavi makavu ya kondoo, na vyungu hufunikwa vigae vya vyungu vilivyokufa. Ndimi za moto zikigusa udongo, huacha wekundu unaofifia kuwa rangi ya asali. Hakuna awezaye kuupanga.

Annie alimfundisha binti yake Rachel, na Rachel akamzaa Dextra Quotskuyva (1928–2019), kitukuu wa Nampeyo, ambaye naye aliwafundisha wapwa zake Steve Lucas na Les Namingha.

Siku hizi wapo wanaonunua udongo uliokwisha kuandaliwa na kuuchoma katika tanuri la umeme. Chungu hutoka safi, rangi moja, bila doa, na mnunuzi mwenye haraka hukipenda kwa sababu hiyo hiyo. Wekundu wa moto wa samadi anauona kasoro. Anayetaka chungu cha Hano na aupokee wekundu huo, na asipunguze bei kwa ajili yake.