Fanani na Mlengwa Wake: Nyimbo Kongwe katika Uimbaji wa Bi Kidude

Uhakiki wa nyimbo za jadi aghalabu huanza na swali lisilofaa: je, mwimbaji wa leo ameuhifadhi wimbo wa asili? Swali hilo huuchukulia wimbo kuwa matini iliyokamilika, mfano wa shairi lililokwisha pigwa chapa. Ruth Finnegan alikwisha kuonyesha mwaka 1970 kwamba fasihi simulizi haina uhai kamili nje ya utendaji wake. Hata hivyo, hoja hiyo haitoshi. Utendaji nao una mtu unayemlenga, na akiondoka huyo, ngoma na sauti zaweza kubaki ilhali wimbo wenyewe haupo.

Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, alikuwa na hazina mbili: taarabu za Siti binti Saad na nyimbo za unyago. Zote alizipandisha jukwaani, lakini matokeo hayakuwa sawa.

Nyimbo za Siti, ambazo kundi lake lilianza kuzirekodi Bombay mwaka 1928, zilibanwa na santuri, ambayo upande wake mmoja ulichukua takribani dakika tatu tu. Bi Kidude alizifungua. Sauti yake nzito, yenye mkwaruzo, haikujaribu kumwiga Siti. Aliuvuta mshororo hadi maana yake ikageuka, na palipokuwa na ubembelezi akatia ukali wa mwanamke aliyekwisha kuona mengi. Upya huo uliwezekana kwa sababu taarabu hutumia fumbo. Fumbo halina mwenyewe. Msikilizaji hunyanyuka, hutunza, na kwa tendo hilo huufanya mshororo kuwa wake, akimlenga amtakaye. Hadhira ya Siti imepita, lakini wimbo hupata walengwa wengine kila unapoimbwa.

Unyago si hivyo. Mlengwa wake ni mwari, naye yuko ndani, mbele ya kungwi, wanaume wakiwa wamezuiwa. Matusi ya nyimbo zake ni somo. Kila tamko laandamana na tendo ambalo msichana hana budi kulijua. Bi Kidude alipoufunga msondo kiunoni mbele ya umati wa tamasha la Sauti za Busara, fani ilikuwa ile ile na maudhui yale yale, kama wapendavyo kusema wahakiki wetu. Mwari hakuwapo. Watazamaji, wengi wao wageni, walishangilia umri na ujasiri wa ajuza, na si vibaya. Ila hawakufundishwa kitu.

Jambo hili haliko pwani pekee. Kilumi cha Wakamba, kijulikanacho sana Kitui, huchezwa kwa ajili ya kuomba mvua au kumtibu mwenye pepo. Kikichezwa ukumbini pasipo ukame wala mgonjwa, hubaki mirindimo na miili inayotikisika.

Yamkini Bi Kidude aliijua tofauti hiyo kuliko waliomsifu, kwani umaarufu wa jukwaani, hata baada ya tuzo ya WOMEX ya mwaka 2005, haukumwachisha ukungwi majumbani. Kwa hiyo filamu za maonyesho yake ni ushahidi mzuri wa uimbaji wake wa taarabu. Anayetaka kuzitumia darasani kufundishia unyago itambidi kwanza aeleze kungwi alikuwa akisema na nani.