Usukani Usiogeuza Chombo: Uhakiki wa Stick and Rudder

Si desturi ya kurasa hizi kuhakiki vitabu vya kufundishia urubani. Lakini Stick and Rudder cha Wolfgang Langewiesche, kilichotolewa Marekani mwaka 1944 na kusomwa hata leo na wanaojifunza kurusha ndege ndogo, kina mengi ya kumfaa mfasiri. Mtungaji alizaliwa Ujerumani mwaka 1907, akahamia Marekani, na huko akajifunza kurusha ndege akiwa mtu mzima, kwa kupenda tu. Baadaye ndipo alipokuwa rubani wa kujaribu ndege mpya. Huenda kule kuandika katika lugha isiyokuwa yake ya kuzaliwa ndiko kulikomwezesha kuyasikia maneno ambayo wenyeji walikwisha kuacha kuyasikia.

Dai lake kubwa ni kwamba baadhi ya majina ya sehemu za ndege humfundisha mwanafunzi uongo. Tuchukue ile sehemu ya mkia inayochezeshwa kwa kuvuta au kusukuma fimbo ya rubani. Kiingereza kimeipa jina lenye maana ya kipandishi. Mwanafunzi hudhani basi kwamba akivuta fimbo atapanda, naye hupanda kweli kwa kitambo kidogo. Kisha mwendo hupungua na kupanda hukoma. Kinachoipandisha ndege kwa kudumu ni nguvu ya injini. Fimbo huamua pembe ambayo bawa hukabili hewa. Kwa hiyo Langewiesche alilitupa jina hilo, akatumia lile la mapezi ya wanyama wa baharini, ambalo halimwahidi mtu chochote.

Hatari yenyewe iko katika pembe hiyo. Ikizidi kiasi fulani, yapata nyuzi 15 hadi 18 kwa mabawa mengi ya ndege ndogo, hewa hushindwa kuufuata mgongo wa bawa, nayo nguvu ya kuibeba ndege hupungua ghafula. Pua huanguka. Mwanafunzi aliyefundishwa na jina la kipandishi huvuta fimbo zaidi, ilhali dawa ni kuisukuma mbele. Jambo hili laweza kutokea kwa mwendo wowote, injini ikinguruma kwa nguvu zake zote.

Bahati mbaya, neno la Kiingereza kwa tukio hili ndilo lile lile linalotumika kwa injini ya gari iliyozimika njiani. Mfasiri mwenye haraka ataandika kwamba ndege ilizimika. Taarifa ya ajali ikiandikwa hivyo, wafiwa wataamini kwamba injini ilikufa, na fundi aliyeitengeneza ataulizwa maswali asiyostahili kuulizwa. Sioni tafsiri mbaya kuliko hii katika fani nzima. Napendekeza mponyoko, kutokana na kuponyoka: bawa limeponyokwa na hewa, kama mkono unavyoponyokwa na kitu. Anayelisikia neno hilo hataitazama injini.

Ama kuhusu usukani, sisi watu wa pwani tuna la kujihadhari. Urubani wenyewe tuliutoa baharini, na ni rahisi kuuchukua usukani wa jahazi na kuupachika kwenye mkia wa ndege, kama Kiingereza kilivyofanya. Lakini usukani wa jahazi hugeuza chombo. Ndege hugeuka kwa kulaza mabawa upande, hata nguvu ya bawa ikaivuta kuelekea huko. Kile kibao cha mkiani kazi yake kubwa ni kuizuia pua isiende kombo. Rubani anayekaribia kutua, akiwa chini na mwendo mdogo, akikanyaga kibao hicho ili aharakishe kugeuka, huku akivuta fimbo, aweza kuponyokwa bawa moja kabla ya jingine; ndege ikaanguka huku ikizunguka. Zaidi ya hayo, katika ndege za Cessna 172 rubani hushika mikononi kitu kinachofanana na usukani wa gari, na hakuna Mswahili atakayekiita vinginevyo. Kibao na kiitwe kinyoosha pua. Kipandishi nacho kiwe kiongoza pembe, maana kipimapembe kimekwisha kuwamo katika mikebe ya hesabu ya wanafunzi.

Kitabu hakikosi kasoro. Hurudia jambo lile lile hata likachosha, na mtungaji alizitumainia mno ndege zisizo na kanyagio za mkia, kama Ercoupe ya mhandisi Fred Weick. Kanyagio hizo zingali katika ndege nyingi za kujifunzia. Wala mapezi yake hayakushika. Miongozo ya urubani na mitihani ya Kiingereza ilibaki na kipandishi, kwa sababu neno lilikwisha kuenea viwandani kabla hajalipinga. Sisi hatujafika huko. Kwa Kiswahili majina haya bado hayajatulia.

Wapo watakaouliza faida yake, maadamu marubani wa safari za kimataifa wamewekewa sharti la ustadi wa Kiingereza, lililoanza kutumika mwaka 2008. Sharti hilo lahusu mazungumzo ya redio. Halimhusu mwalimu wa fizikia anayeeleza bawa ubaoni, wala karani anayetafsiri ripoti ya ajali kwa ajili ya baraza.

Limebaki jambo moja nisilolipatia jina. Rubani akianza kulaza mabawa kulia, bawa la kushoto, linaloinuka, huburutwa zaidi na hewa, na pua huelekea kushoto kwanza. Kombo la pua ni refu kidogo, na ukinzani umekwisha kuchukuliwa na umeme. Walimu wa fizikia wenye neno wanaombwa walilete.