Namna ya Kuitambua Jenga Nzuri

Wengi wanaponunua Jenga, ule mchezo wa mnara wa vipande vya mbao, hulitazama boksi, wakahesabu vipande 54, wakaridhika. Mimi naanza kwa kidole. Chukua vipande kumi, vilaze ubavu kwa ubavu juu ya kioo au meza iliyonyooka, kisha pitisha kidole juu yake taratibu. Kikipita moja kwa moja bila kuhisi chochote, usinunue. Seti nzuri ina vipande visivyolingana unene: hiki kimezidi kwa sehemu ndogo ya milimita, kile kimepungua. Jicho halioni tofauti hiyo, lakini kidole kinaikuta.

Utamu wote wa mchezo umo humo. Kila ghorofa ya mnara ina vipande vitatu. Kilichozidi unene ndicho kinachobeba uzito wa ghorofa za juu, na wenzake wamekaa tu, ukivigusa vinatoka. Vyote vikiwa sawasawa, vyote vinabeba na vyote vinabana, basi mchezaji anabaki kushindana nguvu na mbao. Tofauti ikipita kiasi, nayo ni balaa: mnara unayumba kabla mtu hajaugusa. Leslie Scott, aliyezaliwa Tanganyika na kukua akisema Kiswahili, ndiye aliyeuingiza mchezo huu sokoni London mwaka 1983. Nyumbani kwao walikuwa wakiucheza kwa vipande vilivyonunuliwa kwenye kiwanda cha kupasulia mbao huko Takoradi, Ghana. Sishangai kwamba ulianzia kwenye mbao za namna hiyo, maana msumeno hautoi vipande viwili vilivyo sawa kabisa.

Kwenye urefu, hata hivyo, usimpe fundi uhuru wowote. Kipande kina urefu wa sentimita 7.5, upana wa 2.5 na unene wa 1.5. Panga vitatu ubavu kwa ubavu, kisha laza cha nne juu yake kwa kukingama. Ncha zake ziishie pale pale kingo zinapoishia. Kikichomoza, pande za mnara zitakuwa na meno, na kila jino litanasa kidole cha mtu anayejaribu kutoa kipande cha jirani. Kagua kingo pia: zipigwe msasa kidogo ili zisiwe kali, lakini zisiviringwe. Na kama vipande vimepakwa vanishi, viache. Vanishi hung'ata, hasa wakati wa joto, na kipande kilichokuwa huru kinakuja na ghorofa nzima.

Sasa mbao. Mbao za paina ni rahisi kupatikana, ila ni laini. Mnara ukianguka mara chache juu ya sakafu ya saruji, kona zinabonyea. Mtiki ni imara, lakini una mafuta yake ya asili, na mnara wake unateleza mno kwa ladha yangu. Kwa mtu anayeagiza kwa seremala, namshauri mninga. Hauvimbi wala kusinyaa sana hewa inapobadilika, na kwa anayeishi Mombasa, Tanga au Unguja jambo hilo lina uzito. Mbao ikinywa unyevu hutanuka upana na unene, urefu ukabaki karibu vile vile, hivyo ule uwiano wa vitatu kwa kimoja unavunjika. Mabaki ya karakana ya fanicha yanatosha kabisa. Mwambie fundi achague yenye nyuzi zilizonyooka na yasiyo na macho, apige randa, kisha msasa amalizie kwa mkono, kipande kimoja kimoja. Atakuuliza kwa nini hutaki vilingane. Mweleze.

Kanuni za kucheza ni chache. Unatumia mkono mmoja kwa wakati, unatoa kipande popote chini ya ghorofa ya juu iliyokamilika, unakiweka kileleni. Atakayeuangusha mnara ameshindwa. Usikariri kipande kilicholegea mwanzoni ukadhani kitakusubiri. Kila kipande kinachopanda juu huhamisha uzito, na kilichokuwa huru sasa huenda ndicho kinachobeba. Gusa upya kila zamu.

Mchezaji hodari utamjua kwa vipande anavyoviacha. Akitoa cha kati, ghorofa hiyo imekwisha, kwa kuwa viwili vya pembeni vinategemeana. Akitoa cha pembeni, bado kipo cha upande wa pili kinachoweza kutoka baadaye, ghorofa ikabaki imesimama juu ya cha kati peke yake. Mmarekani Robert Grebler alifikisha ghorofa 40 kamili na vipande viwili vya ya 41, mwaka 1985. Piga hesabu: vipande 52 vimegawanywa kwenye ghorofa 40, kwa hiyo angalau 28 kati yake zilikuwa zimesimama juu ya kipande kimoja kimoja. Vipande vilivyobana sawasawa visingempa nafasi ya kuvitoa vyote hivyo, na vilivyopinda visingeubeba mnara wake.