Kuchambua kwa Sikio

Mwalimu hodari wa muziki haanzi na tarehe. Anajua wanafunzi watakariri kwamba Handel aliandika Messiah kwa siku 24 mwaka 1741, na kwamba iliimbwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742. Watayajaza hayo kwenye mtihani, kisha watayasahau. Yeye huanza na sikio.

Chukua kwaya ya kwanza ya kazi hiyo, ile ya utukufu wa Bwana, ambayo maneno yake yanatoka Isaya 40:5. Ukiifundisha Lanet ina utamu wa ziada, maana mwimbaji wa teno ameimba punde tu kwamba mabonde yatapandishwa, na wanaosikia wameketi ndani ya Bonde la Ufa. Handel ameijenga kwaya nzima kwa vijisehemu vinne vya melodia. Alto ndio wanaofungua, wengine wanadakia. Kijisehemu cha nne, cha kusema kwamba Bwana ndiye aliyenena, ni noti ndefu zinazosimama palepale. Teno na besi hukibeba kwanza. Mwalimu humpa kila mmoja mstari wake aufuate kwa kidole, mpaka ajue lini anaongoza na lini anampisha mwenzake.

Halafu kuna hemiola. Wimbo unakwenda kwa mapigo matatu matatu, lakini ukikaribia kituo, mapigo sita yanageuka kwenda mawili mawili. Kitabu hulieleza jambo hili kwa aya nzima. Mwalimu huwaambia tu wapige meza, mkono mmoja tatu, mwingine mbili. Aliyekulia penye ngoma hahitaji aya. Mikono yake iliujua mvutano huo kabla hajasikia jina la Handel. Kilichobaki ni kumwonyesha mahali ulipo kwenye karatasi.

Wapo wanaolalamika kwamba uchambuzi huua utamu. Waende wakasikilize mwisho wa kwaya hii. Sauti zote zinakatika ghafla, kisha maneno ya mwisho yanakuja polepole, besi ikitoka fa kwenda do kama Amina ya kanisani. Kwaya isiyochambua hapo huvujisha sauti, mmoja akijikuta anaimba peke yake. Iliyochambua hunyamaza pamoja, ikaingia pamoja.

Kwa hiyo mwalimu huyu simpimi kwa alama za wanafunzi wake. Napima alto: kama baada ya somo bado wanaimba kama jana, uchambuzi haujafanyika.