Yamaha VMAX: nguvu ya farasi 200, na mtu wa nyuma akamate wapi?



Siku ya posho iliyopita yaya mmoja wa promosio iliyotutangulia alinipigia simu. "Mudogo, kuya unisaidie kuangalia pikipiki fulani. Bibi yangu naye iko hapa." Nikafikiri ni pikipiki ya kutumikia tu, zile tunazopanda kila siku. Nilipofika mu kiwanja cha muuzaji nikakuta Yamaha VMAX nyeusi, ile ya toleo la 2009, inalala pale kama nyati.

Sisi wa agronomia jina la Yamaha tunalijua kwa AG100. Ile iko na chuma cha kubebea mizigo mbele na nyuma, cheni imefunikwa juu ya matope, na miguu ya kusimamia kuume na kushoto ili isianguke hata ukiiachia katikati ya shamba. Aliyeitengeneza alifikiria kazi kwanza. VMAX imetoka mu nyumba ileile, lakini ilisoma masomo mengine.

Sasa niseme kwa nini jambo hili si la mchezo. Yaya anatumika Kolwezi. Bibi yake anafundisha hapa Lubumbashi. Wanaonana mara mbili kwa mwezi, kwa bisi, na siku moja inaishia mu njia. Mpango wao ni huu: kila mwisho wa juma mmoja asingojee tena bisi, na mara nyingine wapande wote wawili mpaka Kolwezi. Na pesa zile si za yaya peke yake. Nusu ni za likelemba ya mama. Kwa hiyo nilipoulizwa maoni sikuangalia kwanza motere. Nilizunguka, nikapanda nyuma.

Lakini tusiionee. Motere yake ni ya ajabu. Silinda nne zimepangwa kwa umbo la V, santimita za ujazo 1679, nguvu ya farasi 200 hivi. Gari ndogo mingi mu mji huu hazina hata nusu ya ile nguvu, na zinabeba watu watano na magunia. Tena nguvu yenyewe haingojei motere ipige kelele ndipo itoke. Iko pale tangu chini. Mtu anayebeba mwenzake anaipenda hiyo, juu hana lazima ya kubadilisha vitesi kila mara akitaka kupita lori. Na haina cheni. Mwendo unapita kwa chuma kinachozunguka mpaka ku gurudumu la nyuma, kama mu gari. Kwa safari ndefu ni baraka kubwa: hakuna cheni ya kupaka mafuta, hakuna cheni ya kukaza njiani, hakuna mafuta meusi ku nguo za mama. Breki ni kubwa, ziko na ABS. Mpaka hapo, mimi ningesema ndiyo.

Shida inaanza ukiuliza ilitengenezwa kwa mwendo gani. Wazo la VMAX, tangu ile ya kwanza ya 1985, lilitoka mu mashindano ya Marekani, yale watu wawili wanasimama sambamba, taa inawaka, wanakimbia mita 400 hivi mbele moja kwa moja, basi, imekwisha. Kila kitu ku ile pikipiki kinakumbuka zile mita 400. Yaya yeye anaiomba kilometa 300.

Angalia mafuta. Ile inayoonekana kama tanki mbele ya dereva si tanki. Chini yake ni mahali pa hewa ya motere. Tanki lenyewe liko chini ya kiti, na linabeba lita 15 tu. Haikuwa makosa ya akili: uzito wa mafuta ukikaa chini, pikipiki ya kilo 310 inageuka vizuri zaidi. Lakini fanyeni hesabu pamoja nami. Tuseme inakunywa lita 8 kwa kilometa 100, na kwa motere ya namna hii, na watu wawili, hiyo si kuisingizia. Tanki zima ni kilometa 187. Kutoka hapa mpaka Likasi ni kama 120. Lazima ujaze pale, usipojaza unalala njiani. Kutoka Likasi zinabakia kama 180 mpaka Kolwezi. Maana yake unafika taa ya mafuta inawaka, roho juu, na siku ile malori ya shaba yamefunga njia sijui utafanya nini. Mtu anayenunua farasi 200 halafu anatembea polepole juu ya kuchunga mafuta, alinunua nini?

Na mahali pa kujazia! Kuko kile kigongo cha kiti kinachoshika kiuno cha dereva. Unakiinua, mfuniko wa tanki uko pale chini, mbele kabisa ya mapaja ya mtu wa nyuma. Kwa hiyo kila mukisimama ku pompi, mama ashuke. Na kama mulifunga kifuko ku kiti cha nyuma, mufungue. Ni jambo ndogo, najua. Lakini mtu aliyechora pikipiki akifikiria wawili hangeweka mfuniko pale.

Kile kigongo njo kilinionyesha kila kitu. Kwa nini dereva amepewa kitu cha kushikilia kiuno? Kwa sababu ukifungua gaz, pikipiki inaruka mbele na mwili unabakia nyuma. Watengenezaji walijua hiyo vizuri, wakamsaidia dereva. Sasa mtu anayekaa nyuma yake anavutwa na nguvu ileile, saa ileile. Yeye nyuma yake hakuna kitu, ni hewa na taa ya nyuma. Na dereva iko na usukani wa kukamata. Mwenzake iko na koti la dereva.

Nilipokuwa nimekaa pale juu, pikipiki imesimama, mama wa yaya aliniangalia akauliza swali moja tu: "Baba, mimi nitakamata wapi?" Muuzaji akacheka, akamwambia atamkamata bwana yake. Mama hakucheka.

Mu mji wetu kila mtu amekwisha kupanda manseba. Pikipiki zile ni ndogo, zinatetemeka, na mimi mwenyewe zimenichosha mgongo mara mingi nikienda ku mashamba. Lakini kiti chao ni kirefu na kiko sawasawa. Wawili wanakaa wakiwa usawa mmoja, na nyuma kuko chuma ambacho mkono unakipata bila kutafuta. VMAX kiti cha dereva ni kipana na kiko chini, santimita 77 na nusu kutoka ku udongo, hata mtu mfupi anaweka miguu yote miwili. Cha nyuma kimekatwa, ni chembamba, kinaishia ghafula. Nilikaa dakika kumi tu, na nilianza kujisogeza. Dereva mwenyewe pia hana kioo cha kuzuia upepo, kwa hiyo ku mwendo wa 120 kifua chake kinabeba upepo wote, mikono inachoka, na dereva aliyechoka njo wa kuogopa kuliko dereva wa mbio.

Wengine wataniambia: unaombea kruza kitu kisicho chake, pikipiki ya mbio ni ya mbio. Sikubali. Tazameni Triumph Rocket 3 ya Waingereza, iliyotoka 2019. Motere yake inapita hata hii, santimita za ujazo 2458, na uzito ni karibu sawa. Lakini waliitoa kwa namna mbili. Moja, R, ni ya yule anayependa kwenda peke yake. Ingine, GT, kiti kimeshushwa, na mtu wa nyuma amewekewa kiegemeo chake. Motere ni moja, mbio haikupungua. Kuko tu mtu mu kiwanda aliyekumbuka kwamba wengine hawasafiri peke yao. Tanki nalo ni lita 18. Bado si kubwa, lakini lita tatu zile ndizo tofauti kati ya kufika na kusukuma.

Kwa hiyo yaya nilimwambia hivi, mbele ya bibi yake. Kama ni wewe peke yako, siku ya Mungu, asubuhi, Likasi na kurudi, hautapata pikipiki itakayokufurahisha kama hii. Uichukue. Kama ni watu wawili mpaka Kolwezi, hapana, hata wakupunguzie bei. Unaweza kuongeza kiegemeo cha nyuma, viko vya kununua, lakini tanki hauongezi. Na pine ya nyuma ni ya upana wa 200 ku gurudumu la inchi 18; mimi sijaiona mu duka hata moja hapa, sasa ikipasuka Fungurume utaiagiza wapi?

Yaya alinyamaza. Aliishika ile pikipiki ku usukani kama mtu anayeagana na mtu. Pesa bado hajalipa. Mama amesema kwanza wapande wote wawili mpaka Likasi na kurudi, mafuta watalipa wenyewe, halafu yeye njo atasema. Muuzaji mpaka leo hajajibu.